Bwawa Jipya la Bustani Limegeuka Kijani: Soma Dalili Kabla Hujanunua Dawa

Picha ninazotumiwa zinafanana kama mapacha. Bwawa dogo, mawe yamepangwa vizuri ukingoni, lipu bado ina weupe wa sementi, na katikati maji ya rangi ya mlenda. Chini ya picha kuna swali: "Fundi, hata mwezi haujaisha, mbona hivi?" Najenga mabwawa ya bustani Arusha na Moshi, na simu za mwani ninazopokea ni nyingi kuliko za kuvuja na za pampu kuungua zikijumlishwa.

Mtu wa Pwani akisikia mwani anawaza kamba za Paje na Jambiani na akina mama wanaovuna bahari ikipwa. Huu wa bwawani ni ndugu wa mbali. Aina nyingine ni ndogo mno, chembe mojamoja huioni kwa macho. Nyingine ni ndefu kama nywele. Hakuna aliyekuletea. Huja na upepo, na miguu ya ndege, na mimea uliyonunua, na maji yenyewe. Kwa hiyo usipoteze muda kuuliza umetoka wapi. Uliza unakula nini. Chakula chake ni mwanga wa jua pamoja na naitrojeni na fosforasi zilizoyeyuka majini, na bwawa jipya lina vyote hivyo bila mlaji mwingine: mimea haijashika, na bakteria wanaosaga kinyesi cha samaki bado hawajaongezeka. Kundi hilo la bakteria huchukua kama wiki 4 hadi 8 kutulia. Dar au Mombasa huwahi; Arusha ya mwezi wa saba huchelewa.

Kama bwawa lako ni la kufuga sato wa kula, kijani kiasi ni chakula cha bure kwa samaki na wafugaji wengine huweka samadi makusudi ili kipatikane. Ingiza mkono majini ukiwa umenyooka, kiganja kikitazama juu. Kiganja kikianza kupotea maji yakifika kiwikoni, yaani karibu sentimita 30, bwawa la sato lipo sawa. Kikipotea mapema zaidi, kijani kimezidi. Yanayofuata hapa ni ya bwawa la mapambo, lile unalotaka kuona samaki na mawe ya chini.

Vipimo viwili kabla ya kugusa chochote

Cha kwanza ni ujazo. Zidisha urefu, upana na kina kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000 upate lita. Bwawa la mita 3 kwa 2 lenye kina cha sentimita 80 lina lita 4,800. Mtu asiyejua namba hii ananunua pampu kwa kubahatisha na kumwaga dawa kwa kubahatisha, na hilo la pili ndilo huua samaki.

Cha pili ni chupa. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, chota maji katikati ya bwawa, funga, weka dirishani usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi iangalie kabla hujaishika. Maji yakiwa bado kijani kote, au kijani kimetuama chini, huo ni mwani wa kawaida; endelea na dalili ya kwanza. Kijani kikiwa kimepanda juu kama malai ya maziwa, ruka hadi kwenye sehemu ya rangi ya mafuta, na usiingize mkono bwawani tena. Tope likiwa chini na maji juu yakiwa meupe, huna mwani, una udongo. Na maji yakiwa rangi ya chai ya rangi, angavu lakini kahawia, hayo ni majani yanayooza.

Unapotaka kugusa pampu, zima umeme ukutani kwanza na chomoa plagi.

DALILI: Maji yote ni kijani, kama supu

Hii ndiyo nusu ya simu zote. Sababu nazipanga kuanzia ninayokutana nayo sana.

Ya kwanza: bwawa ni jipya tu. Huamini, najua. Mimi mwenyewe sikuamini. Bwawa langu la kwanza, la nyumbani, nililimwaga mara nne kiangazi kimoja. Kila nikilimwaga nasugua kuta kwa brashi, najaza upya, nakaa siku tatu nafurahia maji, ya nne yanaanza kutia ukijani, ya saba ni mlenda. Mara ya tano nilishindwa kulimwaga kwa sababu mtaa wetu uliingia kwenye mgao wa maji na bomba likatoa hewa tu. Nikaliacha kwa hasira. Kwenye wiki ya tano hivi nilitoka asubuhi nikaona jiwe la chini kabisa, lile la kona, ambalo nilikuwa nimeshasahau rangi yake. Maji yalikuwa yamejisafisha.

Kilichotokea ni hiki. Kila unapomwaga maji yote na kusugua, unatupa bakteria waliokuwa wameanza kujishika ukutani na kwenye chujio, kisha unaleta maji mapya yenye madini mapya, na kama ni ya bomba yana klorini inayoua bakteria waliobaki. Unarudisha bwawa siku ya kwanza. Badala ya kumwaga yote, badilisha asilimia 10 hadi 20 kwa wiki. Kwa bwawa letu la lita 4,800 hiyo ni kati ya lita 480 na 960. Maji ya bomba yaache kwenye tangi lililo wazi siku moja au mbili kabla ya kuyaingiza.

Ya pili: chakula cha samaki. Mama mmoja wa Njiro aliniapia kwamba analisha kijiko kimoja tu kwa siku. Nilikaa pale barazani saa moja. Akalisha kijiko. Mtoto akatoka shule akamega chapati. Dada wa kazi alipomaliza vyombo akaja na ukoko wa ugali. Jioni baba naye, kumbe, ana mkate wake. Kila punje isiyoliwa inaoza na kuwa mbolea, na iliyoliwa inatoka kama kinyesi, nacho ni mbolea. Lisha mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizika ndani ya dakika 3 hadi 5, na alishe mtu mmoja. Maji yakishakuwa kijani, acha kulisha siku tatu nne. Samaki wenye afya hawatakufa njaa, watakula huo mwani na wadudu.

Sambamba na hilo, hesabu samaki. Watu huleta samaki thelathini siku ya uzinduzi kwa sababu wageni wanakuja. Bwawa jipya lianze na wachache, watano au sita wadogo, wengine wafuate baada ya miezi miwili.

Ya tatu: jua la kutwa. Bwawa lisilo na kivuli chochote, lenye kina kisichofika nusu mita, linapata mwanga hadi chini na maji yake yanakuwa vuguvugu kufikia saa nane mchana. Lengo ni kufunika kati ya nusu na theluthi mbili za uso wa maji kwa majani. Yungiyungi ndilo chaguo langu, lakini yungiyungi la mwezi mmoja lina majani matatu. Wakati unalisubiri, tandaza wavu wa kivuli, ule wa vitalu vya miche, juu ya upande unaopigwa na jua la mchana. Haupendezi, ila ni wa miezi michache. Ukingoni weka mafunjo au mimea mingine inayopenda kukanyaga maji. Hainyimi mwani mwanga sana, ila inaunyang'anya chakula.

Jirani atakupa magugu maji. Ni kweli yananyonya uchafu kwa kasi, na ni kweli pia ndiyo yanayolitesa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990. Usiyapokee. Mvua moja ikijaza bwawa, yanatoka na maji hadi kwenye mfereji, na mfereji una pa kwenda.

Ya nne: udongo uliopandia. Mtu anajaza chungu cha yungiyungi kwa udongo wa bustani uliochanganywa samadi, anakizamisha, halafu anashangaa. Tumia udongo wa mfinyanzi mtupu, usio na samadi, na juu yake weka kokoto safi tabaka la vidole viwili.

Ya tano: pampu haitoshi au inazimwa. Bwawa la bustani lenye samaki wachache linataka maji yote yapite kwenye chujio angalau mara moja kila saa 2. Bwawa letu linahitaji basi pampu inayosukuma lita 2,400 kwa saa pale juu ya chujio, si kwenye boksi. Namba ya kwenye boksi hupungua kadiri unavyopandisha maji. Na iwake usiku na mchana. Wanaozima usiku kuokoa umeme wanawanyima bakteria wa chujio oksijeni kila siku. Umeme ukikatika saa nyingi, mwaga maji yaliyolala ndani ya chujio kabla hujawasha, maana yameshaoza na yakirudi bwawani ni sumu. Sponji ioshe kwa maji ya bwawa kwenye ndoo, ukiikamua mara mbili tatu. Ukiiosha kwa maji ya bomba na sabuni mpaka iwe nyeupe kama mpya, imekuwa mpya kweli, na wiki zako sita zimekwenda na povu.

Ukishayafanya hayo yote na wiki ya kumi inaingia bila mabadiliko, ndipo fikiria taa ya UV, yaani ya mionzi ya urujuanimno. Maji hupita kwenye bomba lenye taa hiyo, chembe za mwani zinakufa na kugandamana, chujio linazidaka. Ikiwa na ukubwa unaolingana na bwawa lako, matokeo huonekana ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Hufanya kazi kwa maji ya kijani tu. Usiitazame ikiwa imewaka nje ya boksi lake, inachoma macho. Na usiifanye ya kwanza: chanzo cha chakula kikibaki, ukiizima wiki moja tu kijani kinarudi.

DALILI: Nyuzi kama nywele kwenye mawe na maporomoko

Maji ni angavu, lakini mawe yameota ndevu. Watu hukasirikia hii kuliko ya kwanza kwa sababu walidhani wameshapona. Kwa kweli zinakuja kwa zamu: maji yakishaangaza, mwanga unafika ukutani na kwenye mawe, na nyuzi zinapata nafasi yao. Taa ya UV haizigusi, kwa sababu hazipiti kwenye pampu.

Sababu kubwa ni maji membamba kwenye jua, hasa kijito au maporomoko uliyojenga kwa urembo. Kisha ni mabaki ya chakula yaliyonasa kati ya mawe. Kisha ni mbolea ya nyasi za bustani.

Dawa yake ni mkono. Chukua fimbo yenye makwaruzo, au brashi ya choo mpya, izungushe ndani ya nyuzi kama mtu anayekunja tambi kwa uma. Zinajisokota zenyewe. Fanya kila siku mbili tatu kwa wiki mbili na usiache vipande vielee, maana kila kipande ni mbegu. Zirundike chini ya mchicha au migomba. Ni mbolea nzuri na umeilipia tayari. Usiziue majini. Nyuzi zikifa zikiwa humo zinaoza, zinakula oksijeni na kuachia upya chakula chote zilichokuwa zimekifungia.

Wapo wanaouziwa majani makavu ya shayiri au maji yake kwenye chupa. Shayiri hulimwa Narok na Kilimanjaro Magharibi, kwa hiyo majani si adimu. Yanatakiwa kuoza majini wiki kadhaa kabla hayajaonyesha chochote, hayaui mwani uliokwishaota, na mabwawa mengine hayaitiki kabisa. Mimi siyatumii. Anayetaka kujaribu hataharibu kitu, mradi afunge kidogo kwenye mfuko wa wavu na auondoe miezi michache baadaye.

DALILI: Utando wa kahawia, kuta zinateleza

Acha. Huo ni ukoko wa mwanzo kwenye sementi mpya au plastiki mpya, na ni kitanda cha bakteria unaowasubiri. Ukiwa mwembamba na maji hayanuki, samaki watauparura wenyewe. Huwa kero pale tu mtu anapokanyaga. Weka mawe makavu ya kukanyagia.

Ikiwa kuta zina ukungu mweupe unaobaki kwenye kidole kama chaki, hilo ni suala tofauti: sementi inatoa chokaa. Pima pH, yaani kiwango cha asidi au ubesi wa maji, kwa vijikaratasi vinavyouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Ikiwa juu ya 9, samaki wasiingie. Hapa ndipo mahali pekee ninapokubali kumwaga maji yote: kabla ya samaki wala mimea, jaza, acha siku kadhaa, mwaga, sugua, rudia mara mbili au tatu hadi pH ishuke na itulie.

DALILI: Juu kuna kitu kama rangi ya mafuta, kijani cha bluu, na harufu

Simama hapa.

Chovya kijiti kirefu. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia, rudi kwenye sehemu ya nywele. Kikitoka kimepakwa, kama umekichovya kwenye kopo la rangi ya ukuta, na ile chupa ya dirishani ilikuwa na malai juu, chukulia kwamba una bakteria wa kijani-bluu. Watu wa Kisumu wanawaona kwenye Ghuba ya Winam, maji yanapokuwa kama yamemwagiwa rangi. Si wote wenye sumu. Heroe wa maziwa ya Bogoria na Natron wanaishi kwa kula jamaa zao. Ila kwa macho huwezi kuwatofautisha, hata mimi siwezi.

Sumu yao hushambulia ini na huwasha ngozi. Mbwa akinywa anaweza kufa siku hiyohiyo. Kuchemsha maji hakuondoi sumu. Kuwaua kwa dawa ni kosa baya zaidi, kwa kuwa chembe zinapopasuka zinamwaga sumu yote kwa mara moja. Kwa hiyo: zungushia kamba, funga mbwa na mbuzi, watoto wasikaribie, usimwagilie mboga kwa maji hayo, na piga simu kwa afisa uvuvi wa wilaya au daktari wa mifugo. Mnyama aliyekwisha kunywa na anatapika au anayumba asisubiri kesho. Vivyo hivyo kwa mtu: hospitali, na sema wazi kwamba amegusa au amekunywa maji ya bwawa.

Wakishaondoka, kwa kawaida chanzo hukikuta kwenye mambo matatu yaliyoungana: maji yaliyosimama, joto, na mbolea nyingi, mara nyingi ya banda la kuku lililo juu ya bwawa.

DALILI: Asubuhi kijani, saa saba mchana uso umekuwa mwekundu

Hii huwatisha watu hadi wanaita shehe. Ni mwani unaojikinga na jua kwa rangi nyekundu, nao hupenda maji yenye uchafu mwingi wa kuoza. Aina nyingine ya huu nayo ina sumu ya samaki. Uvute utando ukingoni mchana ukiwa umekusanyika, kwa kipande cha gazeti au kitambaa kilicholazwa juu ya maji, ukivaa glavu. Punguza chakula, toa majani yaliyozama, ongeza kivuli. Samaki wakianza kufa, wahamishie kwenye tangi lenye maji mengine yaliyokaa, na muite afisa uvuvi.

DALILI: Samaki wanahema juu ya maji alfajiri

Saa kumi na moja asubuhi, vinywa juu, wamejipanga chini ya bomba la maporomoko. Kufikia saa tatu wameshatawanyika na wewe umeshasahau. Usisahau. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku huivuta kama samaki wenyewe, na kabla ya jua kuchomoza ndipo kiwango kinapokuwa cha chini kabisa.

Hapo hapo: elekeza mpira au pampu irushe maji hewani, toa mwani unaoelea, usilishe siku hiyo, badilisha sehemu ndogo ya maji kwa yale yaliyokaa kwenye tangi. Usiku unaofuata acha maporomoko yawe wazi kabisa.

Wakihema mchana kutwa pia, sababu inayofuata ni amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Maji ya kijani hupandisha pH alasiri, na pH ikipanda amonia ileile inakuwa kali zaidi. Pima amonia na nitriti, sumu nyingine ambayo bakteria huitengeneza kutoka kwa amonia. Zote zinatakiwa zisionekane. Zikionekana, badilisha asilimia 20 kila siku hadi zishuke. Na wakianza kufa saa chache baada ya kuongeza maji ya bomba moja kwa moja kwa mpira, usitafute mchawi, ni klorini.

DALILI: Ulitia dawa, kijani kimekwisha, sasa maji yananuka

Mrututu. Karibu kila mara ni mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, au jiki. Wakulima wa kahawa Kilimanjaro wanazijua dawa za shaba, na mtu anapata wazo: kinachoua kutu ya majani kitaua na mwani. Kinaua. Kinaua pia konokono, na samaki, hasa kwenye maji laini kama ya mvua ambako dozi ndogo inatosha kuwamaliza. Shaba haiozi wala haipeperuki. Inabaki kwenye tope. Kisha mwani wote uliokufa kwa pamoja unaoza kwa pamoja, oksijeni inakwisha usiku mmoja, na asubuhi unaokota samaki kwa ndoo.

Ukiwa umeshatia, hamisha samaki walio hai leo hii. Rusha maji hewani bila kupumzika. Chota mabaki. Maji hayo usiyamwage kwenye mto wala mfereji wa mtaa, na usiwape kuku. Hapa mimi humwita mtaalamu wa ufugaji samaki badala ya kujifanya najua dozi ya kurekebisha.

DALILI: Si kijani, ni tope au chai

Tope: samaki wakubwa wanachimbua vyungu, au kuna ukingo unaomomonyoka. Weka kokoto juu ya vyungu, pandisha ukingo. Chai: majani ya mwembe, mjakaranda au bogenvilia yamezama. Chota kwa wavu, tandaza wavu mwingine juu msimu wa kupukutika. Chai yenyewe haina madhara, na hupunguza mwanga kidogo.

Wapi pa kusimama na kumwita mwenye kazi yake

Ukiingiza kidole majini ukahisi kitu kama kutekenywa au ganzi, toa mkono, nenda kwenye swichi kubwa ya nyumba, zima. Usichomoe pampu ukiwa umelowa. Muite fundi umeme mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, na umwambie unataka saketi ya bwawa iwe na swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Kiungo cha waya kilichofungwa kwa selotepu ndani ya mfuko wa nailoni, nilichokikuta kwenye bwawa moja lililokuwa na watoto wakinawa miguu, hakikuwa kiungo.

Maji yakipungua zaidi ya sentimita moja au mbili kwa siku pampu ikiwa imezimwa, una ufa. Mwani ni tatizo la baadaye. Muite aliyejenga.

Na kama una mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea, ua au wavu mgumu uje kabla ya yungiyungi. Maji ya kijani yana hatari yake: mtu aliyezama humo haonekani.

DALILI: Kijani kimerudi baada ya miezi ya uangavu

Ikiwa una taa ya UV, angalia umri wake kwanza. Taa inaweza kuendelea kung'aa huku nguvu yake imekwisha. Hubadilishwa baada ya kama miezi 12, na ule mrija wa kioo unaoifunika huota chokaa ya kufutwa kwa siki. Kama huna taa, angalia sponji, kisha uliza nani ameanza kulisha samaki.

Hayo yakiwa safi na ni mwezi wa nne, tatizo liko nje ya bwawa. Mvua za masika zinaosha mbolea ya DAP na samadi kutoka kwenye nyasi na vitalu na kuzileta ukingoni. Vaa kandambili, chukua mwavuli, toka mvua ikiwa inanyesha kweli, zunguka bwawa polepole ukitazama chini. Mahali utakapoona kijito chembamba cha maji ya udongo kinapita kati ya mawe mawili, chomeka kijiti. Jua likitoka, rudi na jembe uinue tuta hapo, kiasi cha kiganja.